Bafu Likihamia Ndani, Maji Yaende Wapi?

Ndugu msikilizaji, leo naomba tuingie pamoja katika nyumba ambayo huenda ni yako, au ya marehemu baba yako, au ndiyo unayopanga. Ni ile nyumba yetu ya Kiswahili. Baraza mbele, mlango mmoja mpana, korido inayoikata nyumba katikati, vyumba vitatu mkono wa kulia na vitatu mkono wa kushoto, na mwisho wa korido mlango wa kutokea uani. Uani ndiko liliko jiko, stoo, kamba za kuanikia nguo na, kule pembeni kabisa, choo na bafu. Magomeni zimo, Ilala na Temeke zimo, Kariakoo zimebaki chache ambazo maghorofa hayajazimeza, na ukipita mitaa ya zamani ya Tanga na Morogoro utazikuta pia.

Aliyekiweka choo kule nyuma alikuwa na akili zake. Choo kilikuwa shimo, na shimo halikai chini ya kitanda. Maji ya kuoga yalikuwa ndoo moja kwa kila mtu; yalipita kwenye kitundu cha chini ya ukuta, yakaishia kwenye migomba au kwenye kishimo kilichojazwa mawe, basi. Hapakuwa na bomba wala hesabu.

Sasa mambo yamebadilika. Bibi aliyeingia nyumba hiyo akiwa mwari leo anatembea kwa mkongojo. Saa nane za usiku, mvua za masika, sakafu ya uani inateleza, naye mkono mmoja ameshika tochi na mwingine ameshika ukuta. Kuanguka kwa mtu wa umri huo si sawa na kuanguka kwa mtoto. Nyonga ikivunjika huenda asisimame tena. Basi watoto wake wanakaa kikao, wanakubaliana mama aletewe bafu na choo ndani. Kile chumba cha mbele kinachotazamana na chake kiko wazi tangu mpangaji alipohama. Michango inatolewa. Na siku ya pili yake, amini usiamini, kitu cha kwanza kinachoshushwa barazani ni maboksi ya vigae.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame kidogo. Vigae ni kazi ya mwisho. Kuta ni kazi ya kati. Hata kuamua ni chumba gani kiwe bafu si kazi ya kwanza, ingawa sote tunadhani ndiyo ya kwanza. Kazi ya kwanza ni kwenda kule maji yatakakoishia, kufungua mfuniko, na kupima. Maji machafu hayasukumwi na pampu katika nyumba hizi. Yanashuka yenyewe kwa uzito wake, na kama hayana pa kushukia, hayaendi. Kwa hiyo anayechagua chumba cha bafu si mama, si kaka mkubwa aliyetoa mchango mnono, wala si fundi. Ni mteremko.

Tufanye hesabu pamoja. Si ngumu, chukua kalamu. Tuseme uani kuna tangi la majitaka lililojengwa miaka ya nyuma, choo cha kuvuta kilipowekwa. Ukifunua, unaona bomba linaingia sentimeta 35 chini ya usawa wa ardhi ya uani. Uani wenyewe uko chini ya sakafu ya nyumba kwa sentimeta 15, yaani kimo cha ngazi moja. Jumlisha: mdomo wa tangi uko sentimeta 50 chini ya sakafu ya vyumba. Hivyo vimo visipimwe kwa macho. Mafundi wetu wana ule mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani; jaza maji, mmoja ashike ncha moja chumbani na mwingine ncha ya pili uani, maji yakitulia alama zote mbili ziko usawa mmoja. Kifaa cha bei ndogo kabisa, na hakidanganyi ilimradi ndani yake hakuna povu la hewa.

Sasa rudi chumbani. Bomba la inchi nne linalotoka chini ya choo, mpaka lipinde kona na kulala chini ya sakafu, litakuwa limekwisha kushuka kama sentimeta 30. Toa 30 katika 50. Zimebaki sentimeta 20, na hizo ndizo mali yote uliyo nayo. Bomba la namna hiyo hupendeza likishuka sentimeta 2 na nusu kwa kila mita moja. Gawanya 20 kwa 2 na nusu, unapata mita 8. Basi choo chako ni kama mbuzi aliyefungwa kwenye tangi kwa kamba ya mita 8. Ndani ya kamba hiyo weka choo popote upendapo. Nje yake, unatafuta maneno.

Na kile chumba cha mbele? Kukata korido yote mpaka mlango wa nyuma, kisha kuvuka uani mpaka kwenye tangi, ni mita 16. Mara mbili ya kamba.

Fundi akiambiwa hivi huwa na majibu matatu, na yote matatu nimeyasikia mara nyingi. La kwanza: "Tutalilaza kidogo." Maana yake mteremko upunguzwe mpaka sentimeta 1 na robo kwa mita. Sitasema haiwezekani. Kwenye vitabu vya uhandisi mteremko huo unaruhusiwa kwa bomba la inchi nne, likilazwa na mtu mwenye kipimo kizuri, juu ya tandiko lililoshindiliwa sawasawa, na maji yakiwa tele. Lakini tuseme ukweli wa mitaa yetu. Mgao wa maji upo, na siku bomba la mtaa limekauka choo kinasukumwa kwa nusu ndoo. Bomba likibonyea sentimeta moja tu katikati, hapo pamekuwa kidimbwi; kinyesi kinatua, karatasi inakishikilia, na baada ya miezi michache unavunja korido uliyoiweka vigae vipya. Mteremko mdogo ni wa fundi mwangalifu na mwenye nyumba mwenye maji ya uhakika. Jiulize kama unao wote wawili.

Jibu la pili: "Tutainua sakafu ya bafu." Sawa, maji yatashuka. Lakini kuipata ile mita 8 inayopungua inabidi sakafu ipande sentimeta 20. Ni ngazi, tena ndefu kuliko ya mlangoni, na imewekwa penye maji, kwa ajili ya bibi yule yule tuliyesema hatutaki aanguke. Jibu la tatu ni kujenga tangi jipya la chini zaidi. Kama la zamani limechoka, huenda hilo ndilo jambo la kufanya, ila msilifanye kwa sababu tu ya kung'ang'ania chumba cha mbele.

Liko jibu la nne ambalo halihitaji saruji. Chumba cha mwisho, kinachopakana na uani, kina umbali gani mpaka kwenye tangi? Mita 2 za ndani, mita 6 za uani. Mita 8 kamili. Bafu liwe hapo. Mama ahamie chumba cha katikati, mlango kwa mlango. Na yule kijana mpangaji wa chumba cha nyuma aombwe kwa heshima, si kwa notisi ya ghafla, ahamie mbele, kwenye dirisha linalotazama barabara. Vyumba vya mbele vina hewa na vina wateja. Sidhani kama atanuna sana. Kikao kilichotakiwa kukaliwa tangu mwanzo ni hiki cha nani alale wapi, na kingekaliwa kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji.

Kuna sababu nyingine ya kupenda chumba cha nyuma, nayo ni usalama wa nyumba yenyewe. Nyingi ya nyumba hizi zilianza kwa miti na udongo. Baadaye zikapigwa lipu ya saruji, au ukuta mmoja mmoja ukabadilishwa kuwa wa matofali huku watu wakiendelea kuishi ndani. Msingi wake aghalabu ni mfupi, pengine ni mawe machache tu yaliyopangwa juu ya udongo. Korido ina kuta mbili zinazobeba paa, huku na huku, na hazijaachana hata mita mbili. Ukichimba mfereji wa kina cha sentimeta 70 kati ya kuta hizo kwa urefu wa nyumba nzima, kisha ukauacha wazi siku nne unasubiri mabomba, na mvua ikanyesha, umeunyang'anya msingi ule udongo uliokuwa ukiushikilia. Nyufa zitaanza juu ya milango.

Kama hakuna njia ila korido, chimba kwanza vishimo viwili vitatu pembeni ya ukuta uone msingi unaishia wapi. Mfereji ukae katikati, mbali na kuta zote mbili, na usishuke chini ya kitako cha msingi karibu na ukuta. Chimba kipande kwa kipande, laza, pima, funika, ndipo uendelee. Na pale bomba linapopita kwenye ukuta wa msingi, tundu liwe pana kuliko bomba kwa vidole viwili vitatu kila upande, na juu yake kiwekwe kipande cha zege kubeba mzigo. Nyumba ya zamani bado inatua kidogo kidogo kila masika. Bomba lililobanwa na saruji litakatika siku ukuta utakaposogea, na maji yatakunywesha msingi miaka mingi kabla hujajua. Ile nafasi izibwe kwa kitu laini kinachozuia panya.

Sasa harufu. Watu wengi hulaumu dawa za kusafishia kuwa ni hafifu, kumbe kosa ni la bomba. Chini ya kila choo, kila beseni na kila tundu la sakafu pana kona inayobaki na maji daima. Mafundi huiita trapu. Maji yale ndiyo mlango: hewa ya tangini haipiti, mende hawapiti. Lakini choo kikivutwa, maji yanaposhuka kwa kishindo hunyonya hewa nyuma yake, na kama hewa haina pa kuingilia huyanyonya maji ya kwenye trapu jirani. Unasikia beseni linakoroma peke yake. Likikoroma, ujue mlango umefunguliwa. Ndiyo maana bomba la choo linahitaji bomba la kupumulia linalopanda wima mpaka juu ya bati, lipite usawa wa madirisha yote, pamoja na ya jirani, na mdomoni liwekwe wavu. Katika bafu la ndani ya nyumba yenye kuta zinazogusana na za jirani, nisingekubali kabisa kuliruka bomba hilo. Na tundu la sakafu katika chumba kisichotumika limiminiwe kopo la maji kila wiki, maana joto letu hulikausha.

Bomba likikata kona, zisitumike tii zenye pembe ya mraba pale majitaka yanapoungana. Itafutwe ile yenye tawi la kulala, ili maji yaingie yakielekea mbele. Kila linapobadili mwelekeo pawe na chemba au mfuniko wa kufungulia. Chemba ikae uani, si chini ya zulia la korido. Maji ya mvua ya paa yasiingizwe humo hata kidogo. Yakatafutiwe njia yake.

Nimekuwa nikisema tangi. Lakini nyumba nyingi hazina tangi, zina lile shimo la choo la tangu enzi, na mwenye nyumba anadhani atatoa bomba la choo kipya cha ndani na kulitumbukiza humo. Hapa, ndugu msikilizaji, ndipo penye hatari, na naomba unisikilize vizuri.

Shimo la zamani lilichimbwa kupokea kinyesi, mkojo na kopo la kutawazia. Tuseme nyumba ina watu 10, kila mmoja anavuta choo mara 5 kwa siku, na tangi la choo ni la lita 9 kama yale ya zamani. Hizo ni lita 450 kwa siku. Ongeza ndoo ya lita 20 ya kuoga asubuhi na nyingine jioni kwa kila mtu, ni lita 400. Shimo lililozoea makopo sasa linapokea zaidi ya pipa nne za lita 200 kila siku ya Mungu. Kama kuta zake hazikujengewa, udongo unalainika na kuporomoka, na juu yake kuna mtu. Kama zimejengewa, maji yanapanda. Katika maeneo ya bondeni, Jangwani, Kigogo, upande wa chini wa Magomeni, maji ya ardhini wakati wa masika yako karibu sana na miguu yetu. Shimo halinyonyi tena, linajaa.

Na likijaa ndipo tunapoona lile jambo tunalolijua sote na kunyamaza: kutapisha. Mvua kubwa inasubiriwa, mfuniko unatobolewa, uchafu unaachiwa uende na mafuriko mpaka barazani kwa wengine. Kipindupindu kilichozuka Dar es Salaam Agosti 2015 kilienea mikoa mingi ya nchi, na ugonjwa huo husafiri kwa njia hiyo hiyo, kinyesi kikiingia katika maji ya kunywa. Bafu zuri la mama mmoja lisigeuke kuhara kwa watoto wa mtaa mzima.

Kwa hiyo choo cha kuvuta kiende kwenye tangi lililojengwa, lenye vyumba viwili, lisilovuja, linaloweza kuyatuliza maji ya siku nzima hata baada ya tope kuchukua nafasi yake. Bomba la kuingia na la kutokea yawe na kipande cha tii kinachoshuka chini ya povu la juu, ili yatoke maji tu. Kutoka hapo yaende kwenye shimo la kunyonya. Shimo hilo liwe mbali na kuta za nyumba, mita 5 kama kiwanja kinaruhusu, na tafadhali usilichimbe chini ya ukuta wa jirani ili liwe mbali na wako. Miongozo mingi hutaka mita 30 kati ya shimo na kisima cha maji ya kunywa. Viwanja vyetu vingine havina hizo mita 30 hata kwa urefu wote. Basi ukiwa na kisima uani, au jirani akiwa nacho, maji yake yahesabiwe kuwa ya kufulia na kusafishia, na jirani aambiwe kabla ya kuchimba.

Wanaokaa penye bomba la majitaka la jiji, ambao Dar es Salaam ni sehemu ndogo tu, wana bahati, ila wasilitoboe wenyewe. Mwunganisho hufanywa na mamlaka ya maji. Nao wana kipimo kimoja cha ziada. Nenda barabarani ukatazame mfuniko wa chemba ya mtaa. Kama sakafu ya bafu lako iko chini ya mfuniko huo, siku bomba la mtaa litakapoziba majitaka ya mtaa yatatafuta mdomo ulio chini kuliko yote, na mdomo huo ni bafu la mama. Kwa wenye tangi sheria ni hiyo hiyo: liwepo tundu la kupokea maji uani, lenye wavu, lililo chini ya sakafu ya bafu kwa kimo cha ngazi moja. Likifurika lifurikie huko nje, mkaone na kukasirika, kuliko kufurikia chumbani usiku.

Kabla ya kufukia, ziba ncha ya chini ya bomba, jaza maji mpaka juu, weka alama, kanywe chai. Ukirudi baada ya saa moja na maji yameshuka, kuna kiungo kinachovuja. Kitafutwe sasa hivi wakati bado kinaonekana. Kisha zibua, mwaga ndoo moja chooni, na mtu asimame kwenye tangi aone inavyofika. Piga picha kwa simu ukiwa umelaza futi kamba kutoka ukutani, na uchore ramani ndogo kwenye karatasi: bomba linapita wapi, kina gani, kona iko wapi. Karatasi hiyo ikae na hati ya nyumba, maana fundi atakayekuja baada ya miaka 15 hatakuwa huyu. Marekebisho haya yanahitaji kibali cha halmashauri, na mchoro huo huo utakufaa huko.

Mfuniko wa tangi usijengewe juu yake wala usifunikwe kwa zege la moja kwa moja. Gari la kunyonya majitaka litakuja, kama si mwaka huu basi mwaka kesho, na mpira wake lazima uwe na pa kupita kutoka barabarani mpaka uani. Pimeni huo pia. Vigae mnaweza kuvifungua sasa.